Umbo na Upatanisho: Jedwali la Ngeli Mbele ya Maneno ya Kila Siku

Tangu J. L. Krapf alipotoa muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na Askofu Steere kitabu chake cha mafunzo mwaka 1870, kila aliyejaribu kuieleza lugha hii amelazimika kuzieleza ngeli za majina. Hapana njia ya kulikwepa jambo hilo, maana katika Kiswahili jina ndilo linaloamuru sentensi: kivumishi, kionyeshi na kitenzi vyote hungoja kuona jina limesimama wapi kabla havijajua vivae nini. W. H. I. Bleek, katika kitabu chake cha mwaka 1862, na Carl Meinhof baada yake, walivipa viambishi vya lugha za Kibantu nambari ili lugha moja iweze kulinganishwa na nyingine. Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizitaja ngeli kwa jozi za viambishi: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA na wenzake. Leo, katika shule za Tanzania na za Kenya, jozi hizo zimewekwa kando, na mahali pake zimekaa nyingine: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI, U-YA, KU na PA-KU-MU.

Tofauti ya majedwali haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa herufi. Jozi za Ashton zilichukuliwa katika mwili wa jina lenyewe. Jozi za sasa zimechukuliwa katika kitenzi kinachofuata jina. Jedwali la kwanza huuliza neno limevaa nini, na la pili huuliza neno huwavisha wenzake nini. Maswali hayo ni mawili, na majibu yake mara nyingi hayalingani. Jedwali la shuleni, kwa kutaka kuwa jepesi, limeuliza moja na kujifanya limejibu yote mawili. Kasoro yake kubwa ndiyo hiyo, na maneno ya kila siku, yale ya jikoni, ya barabarani na ya dukani, ndiyo yanayoifichua.

Haki itendeke kwanza. Jedwali la upatanisho lilikuja kwa sababu njema. Mwalimu wa jedwali la zamani alikuwa na taabu kueleza kwa nini kipofu, kiziwi na kiwete, wenye ki- na vi- mwilini, husemwa wameketi wala si vimeketi; kwa nini mtume, ambaye wingi wake ni mitume, huleta mitume wale wala si mitume ile; kwa nini kiboko wa mtoni amezama lakini kiboko cha kuchapia kimekatika. Ashton alilijua jambo hilo vizuri na akaliandika, lakini katika mpango wake lilikuwa kama nyongeza iliyobandikwa ukutani baada ya nyumba kwisha kujengwa. Jedwali la A-WA limelifanya kuwa msingi: kila chenye uhai hukaa pamoja, awe na kiambishi au asiwe nacho. Daktari, seremala, ng'ombe, kipofu na mtu wamepata nyumba moja. Faida hiyo si ndogo, na arudiye nyuma kulitetea jedwali la zamani zima zima hana budi kuwapatia maneno hayo makao.

Lakini na itazamwe sentensi hii, ambayo hapana Mswahili asiyepata kuisema: Marafiki zangu wapya wamefika. Jina limevaa ma-, kama majina ya LI-YA. Kimilikishi kimevaa z-, kama majina ya I-ZI. Kivumishi na kitenzi vimevaa wa-. Maneno manne, na viambishi vya njia tatu, bila kosa hata moja. Katika umoja ni vivyo hivyo: rafiki yangu mpya amefika. Jedwali linasema rafiki yumo katika A-WA, na kwa kitenzi limesema kweli; lakini mwanafunzi aliyelishika jedwali kwa uaminifu ataandika rafiki wangu, na mwalimu atamkosoa kwa kufuata alichofundishwa.

Jambo hili halikomei kwa rafiki. Husemwa ndugu yangu, jirani yangu, adui yangu, binti yangu, shangazi yangu. Lakini husemwa daktari wangu, fundi wangu, seremala wangu. Kwa umbo maneno haya hayana tofauti ya kutosha kuyatenga: hayana kiambishi katika umoja, na mengi ya kila upande huchukua ma- katika wingi. Kinachoyatenga ni maana. Yale ya kwanza ni majina ya uhusiano, ya mtu kuwa kitu fulani kwa mwingine; haya ya pili ni majina ya kazi. Uhusiano huo una nguvu hata umeingia katika majina yaliyovaa m- na wa- kwa ukamilifu: mke wangu huwa wake zangu, na mume wake huwa waume zao. Mtu mwenye wake wawili husemwa wake zake wawili wamefika, yaani jina ni la wa-, kimilikishi ni cha zi-, na idadi na kitenzi hurudi kwenye wa-. Tena jambo hili lina mpaka ulio wazi. Ni kimilikishi tu kinachoponyoka. Husemwa rafiki yake Juma, lakini pakitumika kihusishi -a husemwa rafiki wa Juma. Hapa pana kanuni ya kupendeza, yenye kustahili ukurasa mzima katika kitabu cha sarufi. Jedwali la shuleni, kwa kuwa limeamua kwamba upatanisho ni kitu kimoja, halina hata mstari wa kuiweka.

Dhana hiyo ya kwamba upatanisho ni kitu kimoja kisichogawanyika ndiyo mzizi wa kosa jingine, ambalo laonekana zaidi katika vitabu vya Kenya. Huko jedwali limeongezwa ngeli za majina yasiyobadilika kwa idadi: I-I kwa sukari, chai na chumvi, YA-YA kwa maji, mafuta na maziwa, U-U kwa unga, uji na uzuri. Kwa macho ya haraka nyongeza hizi ni za uangalifu mwingi. Lakini mtu na aingie katika mgahawa wowote wa Mombasa au Dar es Salaam asubuhi, na asikilize. Mteja huagiza chai mbili. Zikichelewa huuliza chai zetu ziko wapi. Dukani mtu hununua soda tatu na maji mawili, akiwa na maana ya chupa. Je, chai imehama ngeli kati ya jikoni na mgahawani? La. Chai ni ile ile ya I-ZI. Kilichobadilika ni kwamba jikoni haihesabiwi na mgahawani huhesabiwa. Kuhesabika ni jambo la matumizi na la maana ya kitu, na lugha nyingi zisizo na ngeli hata kidogo zinalo pia. Kulifanya kuwa ngeli ni kuchanganya mizani na bidhaa.

Katika u- jedwali la upatanisho limepata taabu ya namna nyingine. Mti umeanguka, ukuta umeanguka, ugonjwa umeenea: kitenzi kimoja kwa majina matatu ya asili tatu. Lugha za jirani zimehifadhi tofauti ambayo Kiswahili kimeipoteza. Kiganda husema olulimi kwa ulimi na obulungi kwa uzuri, kwa viambishi viwili vilivyo mbalimbali. Katika Kiswahili vyote viwili vimekwisha kuwa u-. Kwa hiyo jedwali la shuleni hulazimika kuitenga u- kwa kuangalia wingi: U-I kwa mti na miti, U-ZI kwa ukuta na kuta, U-YA kwa ugonjwa na magonjwa. Msomaji ataona kwamba hapo jedwali limerudi kwa siri kwenye lile lililojidai kuliacha. Maana ili kujua kwamba ulimi huwa ndimi, uso huwa nyuso, ubao huwa mbao na wembe huwa nyembe, kitenzi hakimsaidii mtu kitu. Lazima atazame mwili wa jina. Nambari za Meinhof, ambazo wengi huziogopa kwa ukavu wake, hapa zina faida isiyopatikana katika jozi zote mbili: kila kiambishi kina nambari yake, na umoja haukufungwa pingu na wingi mmoja. Ugonjwa waweza kutoka katika 14 na kwenda katika 6 bila kudai ngeli mpya kwa ajili yake.

Walakini mtihani mkubwa wa majedwali yote ni maneno yaliyotoka ng'ambo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mazungumzo ya mjini. Husemwa mara nyingi kwamba maneno ya kigeni huangukia I-ZI, na vitabu vingi hutosheka na hapo. I-ZI imekuwa ghala la kutupia kila kisichoeleweka. Ni kweli kwamba barua, kalamu, meza, bendera, simu, redio, treni na suruali zimo humo. Lakini dirisha, duka, soko, sanduku, bakuli, gazeti, shati, basi, lori na tairi zimekwenda LI-YA, na hizo si chache wala si za pembeni. Zaidi ya hayo, lugha imeyasikia mengine kana kwamba yalizaliwa pwani. Kitabu cha Kiarabu, ambacho kwao wingi wake ni kutub, kwa Waswahili kimetoa vitabu. Kisa kimetoa visa, kibiriti vibiriti, na katika siku za karibu zaidi kilabu vilabu na kioski vioski. Madereva wameliita duara la njia panda kipilefti, kutokana na maneno ya Kiingereza ya kuwaamuru washike kushoto, na wingi wake ni vipilefti. Bamba la kuzuia tope katika baiskeli limeingia kwa jina la madigadi. Masikio yakaitenga ma- ya kwanza, na umoja ukazaliwa, digadi. Asemaye kwamba viambishi vya majina vimekufa na upatanisho peke yake ndio ulio hai hana jibu kwa digadi.

Hata hivyo masikio peke yake hayatoshi kuamua. Kilo ina ki mbele yake, lakini hapana muuza nyama apimaye vilo viwili. Ni kilo mbili, kama shilingi mbili, maili mbili na dakika mbili. Imevutwa na wenzake wa vipimo walioingia pamoja na idadi zao. Waziri, wakili na wakala huanza kwa wa-, lakini hapana aliyewahi kumwita mmoja wao mziri. Wingi wao ni mawaziri, mawakili na mawakala. Na m- ya Kiarabu imegawanyika kwa kufuata maana: mwalimu ni mtu, kwa hiyo walimu, msikiti na mshahara ni vitu, kwa hiyo misikiti na mishahara. Umbo lilifungua mlango, na maana ikaonyesha chumba.

Mfano ulio mzuri kuliko yote ni wa maneno manne yaliyotoka katika Kiarabu, yote yakianza kwa ma- yalipofika katika vinywa vya Waswahili: maskini, mahakama, maisha na mahali. Kama umbo ndilo linaloamua, yote yangekuwa ya ya-. Kama ugeni ndio unaoamua, yote yangekuwa ya I-ZI. Lakini husemwa maskini huyu, mahakama hii, maisha haya, mahali hapa. Maneno manne, ngeli nne. Maskini ni mtu, na uhai umemchukua. Mahakama ni kitu kimoja kinachohesabika, na kimekaa pamoja na maktaba, maabara na madrasa. Maisha hayahesabiki, wala madini hayahesabiki kwa kawaida, na ma- yao imesikika kama ile ya maji, mate na mafuta. Mahali ndilo la ajabu zaidi. Lugha za Kibantu za bara zina jina lao la asili la mahali, kama ahantu katika Kinyarwanda. Kiswahili sanifu kimelikodi jina la kigeni, kikalivua ma- yake katika upatanisho na kulivisha pa-, hata wako wasemao pahali. Ngeli nzima ya pa- imebaki na jina moja la kukopa, nayo haikuyumba.

Kutoka hapo laweza kuhukumiwa shauri ambalo huwagawanya hata wasomaji wa majarida kama hili: makala haya au makala hii? Maandishi ya wanazuoni yana yote mawili, na wanafunzi wameondolewa alama kwa kila moja, kutegemea mwalimu aliyeshika kalamu nyekundu. Wanaokwenda kuuliza Kiarabu huambiwa kwamba neno ni la umoja, na hudhani wamemaliza. Lakini Kiarabu hakikuulizwa kuhusu maisha wala mahali, na hakina mamlaka juu ya makala. Ushahidi wa ndani ya lugha ndio wenye kusikilizwa. Kwa upande mmoja, makala ni kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho, huhesabiwa na kupangwa katika yaliyomo, na kwa hiyo chafanana na mahakama na maktaba. Asemaye makala hizi tatu ametofautisha umoja na wingi, na asemaye makala haya humwacha msomaji asijue ni moja au ni kumi. Kwa upande mwingine, makala ina majirani wa maana wenye ma- ya asili: maandishi, maelezo, maoni, mawazo. Mvuto wa majirani hao ni wa kweli, na ndio uliowafanya waandishi wengi hodari kuandika haya bila kusita. Mizani huelemea kidogo upande wa hii na hizi, kwa sababu ya kuhesabika. Lakini kuelemea kidogo si hukumu ya kumwondolea mtoto alama, wala jedwali lililobandikwa ukutani halikupima lolote kati ya hayo.

Neno la maana limetajwa mara nyingi katika kurasa hizi, na yafaa kusemwa kwamba Ashton alilaumiwa kupita kiasi kwa kulitilia mkazo. Aliandika kwamba kila ngeli ina wazo lililo chini yake: watu, miti, vitu vidogo, mkusanyiko. Waliomfuata walikusanya visivyotii, wakacheka, wakaliacha wazo zima. Lakini kila tunda lililofika pwani kwa meli limepanda mti wake. Pera na nanasi ni za Kireno, na mimea yake ni mpera na mnanasi. Papai lina mpapai, stafeli lina mstafeli, parachichi lina mparachichi. Hapana kamati iliyoketi kuamua hayo. Vivyo hivyo daktari huwa na udaktari na rais huwa na urais siku ile ile anapopata jina. Wazo lisilo hai lisingeweza kuvisha maneno mapya kwa haraka namna hiyo. Ashton alikosea kwa kulitaka wazo lieleze kila neno la zamani. Lingaliulizwa kuhusu maneno mapya, lingejibu vizuri zaidi.

Limebaki jambo la msemaji mwenyewe. Ndege aliyetua mtini na ndege iliyotua uwanjani ni neno moja la umbo moja. Uhai ndio uliogawa upatanisho. Lakini kitoto kinalia na kitoto analia ni za mtoto mmoja. Asemaye kinalia ameutazama udogo wake, kwa huruma au kwa kuudhika; asemaye analia amemtazama kama mtu. Kizee kile ni tusi au mapenzi, kwa kadiri ya sauti. Kijana hakubali ki- ya kitenzi katika matumizi ya kawaida, maana udogo wake umekwisha kusahauliwa; kijitu hukipokea kwa furaha. Hapa ngeli si sifa iliyoandikwa katika neno mara moja kwa daima. Ni chaguo, na chaguo hilo hubeba hukumu ya msemaji juu ya anayemsema.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 ilikaribia ukweli kuliko vitabu vingi vya shule vilivyoifuata. Huko daktari ameandikiwa ma- kwa wingi wake, na kando yake, ndani ya mabano, a-/wa- kwa upatanisho wake. Alama mbili kwa neno moja: alivyovaa, na anavyovisha. Kiboko cha mtoni na cha kuchapia hutengana hapo kwa urahisi, na ugonjwa hauhitaji maelezo marefu. Ni ajabu kwamba mpango huo, uliokwisha kuchapwa na kusambazwa, haukupanda darasani. Mwanafunzi hufungua kamusi na kuona alama mbili, kisha hufunga na kufundishwa moja. Husemwa kwamba watoto wataelemewa. Mtoto wa miaka saba husema marafiki zangu wapya wamefika bila kuelemewa, na kumwonyesha kwamba anajua mambo matatu ni rahisi kuliko kumshawishi kwamba anajua moja.

Hata kamusi ina mapengo. Haisemi kwamba kimilikishi cha rafiki huenda njia yake, na kwa neno kama gari huandika li-/ya-, ingawa barabarani Nairobi na Dar es Salaam pia husikika gari hii na gari zangu, kutoka kwa watu ambao wingi wao wa kuandika ni magari. Matumizi hayo yangefaa kukusanywa mahali kwa mahali na neno kwa neno, pamoja na umri wa wasemaji na aina ya mazungumzo, kabla jedwali jingine halijachorwa.